Pumzikeni Kwanza

Neno lenyewe bosi wetu alilitamka akitabasamu, na lile tabasamu sijalisamehe. Alituita wafanyakazi wote kwenye baraza ya hoteli yake, kule Bangwe, akavuta barakoa chini ya kidevu ili tumsikie vizuri. Wazungu wanaokuja kutazama sokwe hawaji tena, alisema, ndege zimesimama, na wageni wa Burundi na Kongo wamekwama kwao. "Pumzikeni kwanza," akasema. "Mambo yakikaa sawa, nitawaita."

Hakusema kwamba ametufukuza. Angesema hivyo ningelia palepale, nikamtukana moyoni, na kesho yake ningetafuta pa kuuzia mihogo. Lakini mtu akikwambia pumzika, unakwenda kusubiri. Mimi nilimshukuru hata. Nilipiga goti kidogo nikasema, "Asante, bosi." Nikilikumbuka lile goti natamani kujizaba kofi.

Kazi yangu ilikuwa vyumba. Kwa miaka mingi nilitandika vitanda vya hoteli ile, nikazivuta shuka mpaka zisibaki na mkunjo, nikakung'uta mchanga wa ufukweni ambao wageni huuleta na miguu yao. Kila aliyelala usingizi mnono pale aliulala kwa kazi ya mikono yangu. Bosi alituita sote wa vyumbani "dada", na mimi nikadhani anatufahamu.

Nyumbani Buzebazeba nilianza kuishi na simu. Nilikwenda nayo bafuni nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni. Nilikwenda nayo sokoni, nikinunua dagaa huku nimeishika mkononi, na muuzaji akanitania kwamba bila shaka nimepata mchumba mpya. Ikilia, moyo unaruka. Alikuwa shangazi, au mtu amekosea namba. Nilimjibu shangazi kwa ukali mpaka akaacha kupiga.

Kisha usingizi ukanikimbia. Mimi, mtandika vitanda, sikuweza kulala kwenye changu. Nikaanza kukitandika upya mara mume wangu anapoinuka tu, nakitandua, nakitandika tena, na mchana unanikuta hapohapo nakunja shuka zilezile mbili tulizokuwa nazo. Chakula kikawa hakipiti. Mume wangu, fundi baiskeli asiye na maneno mengi, alisimama mlangoni siku moja akanitazama, akatoka. Nilimsikia uani akimwambia jirani kwamba mke wake ana mawazo. Alilisema neno hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja deni.

Akanipeleka zahanati. Muuguzi alikuwa binti mpole, alinisikiliza vizuri, akaniuliza kuhusu usingizi na chakula. Mwishoni akaniwekea mkono begani. "Mama, hiki ni kitu kinachowapata wengi sasa hivi, usione aibu. Jitahidi kupumzika."

Niliinuka nikatoka. Mume wangu alinikimbilia mpaka barabarani, akidhani nimetukanwa.

Aliyeniokoa ni mama yangu. Alishuka kutoka Kalinzi na mkungu wa ndizi juu ya pikipiki, akaingia ndani, akanikuta na shuka mikononi. Alishika ncha za upande wa pili akakunja na mimi, taratibu, kama tunavyokunja khanga zikishakauka. Tulipomaliza akaketi. "Mwana wanje," akasema kwa lugha yetu, "mwanangu, nani amekufanya hivi?"

Nikamwambia. Nikamwambia yote, hata lile goti.

"Basi mchukie," akasema. "Mchukie vizuri. Lakini ule."

Aliponipikia ndizi kwa mawese nilikula sahani nzima, na kila tonge nilimtaja yule bwana wa hoteli. Nilimwombea kunguni. Nilimwombea shuka zenye mchanga na mito inayonuka. Nilimwombea usiku wa kugeuka ubavu hata ubavu uchoke. Watu watasema chuki ni sumu, na huenda kwao ni sumu. Mimi ilinirudishia hamu ya kula, na baada ya hapo hata usingizi ukarudi. Nililala nikimlaani, nikaamka nikimlaani, na katikati nikawa nimepumua.

Wageni walirudi. Niliona magari yakishuka Bangwe na mizigo juu. Simu haikulia. Nikavaa sare yangu, niliyokuwa nimeipiga pasi, nikaenda mwenyewe. Mlinzi wa getini alinitazama kwa huruma. "Mama, wamechukua mabinti wapya kitambo," akasema. "Hamkuambiwa?" Nilirudi kwa miguu, na njia nzima nilikuwa natunga maneno. Nilijua siku moja nitamrudishia bosi neno lake, na nilitaka limchome palepale liliponichoma mimi.

Siku yenyewe ilikuja kwa njia ya msiba. Mama yake alifariki, na nyumba ya marehemu ilikuwa Ujiji, jirani na dada yangu. Kwetu msiba hauna kadi ya mwaliko. Wanawake tunabeba visu tunakwenda. Nilikwenda na kisu changu na maneno yangu. Nikamenya vitunguu, nikapuliza moto, nikashika mwiko kwenye sufuria kubwa la wali, nikimngoja. Nilijua atapita nyuma ya nyumba kushukuru wapishi, maana ndiyo desturi.

Akapita baada ya maziko. Alikuwa amekonda, macho mekundu. Sikumwonea huruma, niliona ni wakati wangu. Wengine walimwambia pole. Zamu yangu ilipofika nilinyoosha mgongo.

"Bosi," nikamwambia, nikalikaza hilo "bosi" ili anikumbuke. "Mama amepumzika. Na wewe, mambo yakikaa sawa, utaitwa."

Mwanamke aliyekuwa akimenya karibu yangu alisimamisha kisu. Bosi aliinamisha kichwa. Nilikuwa nimelisubiri hilo kwa muda mrefu sana, na kwa kitambo kidogo nilidhani nimempata.

"Amin," akasema. "Kweli kabisa, mama. Sote tutaitwa."

Kisha akanitazama usoni, akinichunguza kwa upole, kama mtu anayetafuta jina asilowahi kuwa nalo.

"Wewe ni jirani wa mama, eh? Mungu akulipe. Naona umesimama kwenye moto tangu asubuhi. Kaa chini, pumzika kwanza."

Akasogea kwa mwingine. Mwanamke wa karibu alinisukumia kigoda chake kwa wema. Nilikirudisha kwa mguu, nikageuza wali, nikabaki nimesimama mpaka sufuria la mwisho lilipooshwa.