Kaka aliweka hybrid free kwenye mteremko wa Pugu

Wakuu, salaam kwenu. Nawaletea jambo lililotupata nyumbani kwetu Temeke. Siongezi chumvi, nguvu ya kutunga sina.

Kaka yangu mkubwa, Twaha, ana duka la vitenge. Miaka yote aliendesha pickup ya manual, na kwa kubana mafuta hana mpinzani. Akiona mteremko tu anaweka free, yaani anatoa gia, gari linajitembelea lenyewe.

Wengi humu mnafanya hivyohivyo, msijifanye malaika.

Baadaye akaagiza hybrid used kutoka Japan, gari la mafuta na umeme. Tuliipenda wote.

Kwa ambao hamjaendesha: ukiachia mafuta au ukigusa breki kidogo, mota ya umeme ndiyo inayopunguza mwendo, huku inachaji betri. Unahisi kama mtu amekushika shati kwa nyuma. Breki zenyewe, zile za disk na pedi, zinafanya kazi kidogo sana.

Kaka akawa anajisifu kwamba pedi haziishi. Kila service fundi anachungulia, anaona pedi nene, anamwambia hakuna haja ya kufungua. Ni kweli zilikuwa nene. Ila masika nzima hakuna aliyevua tairi kuangalia kama hizo breki bado zinacheza.

Jumamosi moja tukaenda Kisarawe kwenye arobaini ya mtoto wa dada yetu. Kurudi, Mama alikaa mbele kushoto, mimi nyuma na hotpot la pilau tulilofungashiwa. Mama alikuwa na furaha, anamtania Kaka kwamba mjukuu kachukua masikio yake.

Tulipoanza kushuka Pugu, Kaka akaweka free.

Mazoea tu. Sidhani hata alifikiria.

Sasa kwenye free ile mota haishiki kabisa. Gari likachukua kasi. Mbele nikaona matawi ya miti barabarani, ile alama ya gari bovu, na baada ya matawi lori la mchanga limeharibika, nusu liko ndani ya lami.

Kaka akakanyaga breki. Mbele ikashika tairi ya kushoto peke yake. Yeye anakata kulia alikwepe lori, gari linamvuta kushoto.

Upande wa Mama ndio ulioingia kwenye lori.

Alifika hospitali anapumua. Alfajiri tukaambiwa ametangulia.

Baada ya mazishi nilikwenda gereji Kiwalani lilikovutwa gari, nikaomba lifunguliwe mbele yangu. Upande wa kulia disk imeota kutu, kaliper, kile chuma kinachobana pedi, imeganda, haisogei hata kwa kugongwa. Nikamuuliza fundi ingekuwaje kama gari lingebaki kwenye D, gia ya kuendea mbele. Akasema mota ingelishika tangu juu, na pale kwenye matawi tungefika taratibu.

Hilo jibu nimelala nalo peke yangu.

Kaka hajagusa usukani tena. Dukani wateja anawahudumia shemeji, yeye amekaa tu. Chakula anakirudisha kama kilivyoletwa.

Wiki iliyopita alinifuata barazani.

"Mdogo wangu, wewe ulikwenda gereji. Ningeacha kwenye D, Mama angekuwepo?"

"Breki zilishakufa, Kaka. Hata D isingesaidia kitu."

Akaniangalia sana. Akasema Alhamdulillah, akaingia ndani, na siku hiyo akala.

Wenye hybrid, nawaomba. Acheni free kwenye mteremko. Na fundi akikwambia pedi bado nene, mwambie avue tairi hivyohivyo, aone kama kaliper inacheza. Breki isiyotumika inakufa kimyakimya huku wewe unafurahia kutokununua pedi.

Kaka hayumo humu jukwaani. Anayemfahamu, tafadhali asimpelekee huu uzi.

Mkitaka kunitukana kwa kumdanganya, tukaneni, nitasoma zote. Ila kwanza mniambie: angekuwa kaka yako, kasimama mbele yako anasubiri, ungemjibu nini?