Breki za Baba

Kila Jumapili yenye mashindano ya magari tulibeba viti vyetu wenyewe hadi chumba cha televisheni karibu na stesheni ya Kamina, kwa sababu mwenye chumba alinunua televisheni kubwa akasahau kwamba watu wana makalio. Baba yangu alikuja na kiti chake cha mbao, akakiweka mbele kabisa, na hakuna aliyethubutu kukaa mbele yake. Alikuwa ameendesha treni za umeme mpaka alipostaafu. Tangu mama afariki, saa zile mbili za Jumapili ndizo pekee alizokaa na watu.

Mimi nilijifanya mtaalamu. Nilikuwa na intaneti kwenye simu, basi nikajitunuku shahada. Siku moja rafiki yangu, mwanajeshi wa base, ile kambi ya jeshi, akaniuliza gari hizo, ambazo zina mota ya umeme pia, zinajazaje betri zikiwa mbioni. Sikujua. Badala ya kusema sijui, nikasema ni upepo: gari ikienda kasi, upepo unaingia mbele na kuzungusha kitu kama feni. Watu wakatikisa vichwa kukubali, nami nikavimba.

Baba akageuka kwenye kiti chake.

— Haiko mupepo, mutoto yangu. Njo frein. Hata sisi, pa kushuka Bukama, ukishika frein, moteur inageuka dynamo, inatoa courant. Sisi tulikuwa tunaiacha inaungua bure juu ya toit. Bale banaichunga mu batterie.

Alisema polepole, bila kunikaripia: ni breki zinazotoa umeme; treni zao ziliuunguza bure juu ya paa, gari hizi huuweka kwenye betri. Lakini alikuwa amenisahihisha mbele ya watu, na damu ikanipanda.

— Papa, achaka bintu ya treni! Ile gari iko inakimbia, haiko inabeba mihogo.

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mwanajeshi alicheka mpaka akashika ukuta. Baba akatabasamu kidogo, akairudia televisheni. Manyunyu yalikuwa yameanza kule mashindanoni. Nilimwona akifungua mdomo kusema jambo, kisha akaufunga.

Nyumbani nilisoma kwenye simu. Ilikuwa breki, kama alivyosema. Baba alikuwa hapo hapo uani akichambua maharage, hatua kumi kutoka kwangu. Nilimpita kimya. Yeye ndiye aliyenisemesha wakati wa kula, kana kwamba sikumkosea lolote.

— Mvua kidogo njo mubaya, akasema. Inachanganya vumbi na mafuta, reli inakuwa sabuni. Ikinyesha mingi, inasafisha. Njo ile nilitaka kukwambia.

Nilikula ugali wangu nikaitika tu.

Mashindano yaliyofuata yalianza kwa mvua. Baba alikuwa amesema magoti yanamuuma, hatakuja. Basi nikajimwaga. Nikaeleza kwa nini manyunyu yanateleza kuliko mvua kubwa, nikaeleza jinsi breki inavyogeuza mota kuwa dainamo, nikamalizia na treni zinazoteremka Bukama zikiunguza umeme wao bure juu ya paa. Ule upepo wangu hakuna aliyeukumbuka. Walinipigia makofi.

Ndipo nikamwona baba mlangoni, amekumbatia kiti chake. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Mwanajeshi naye akamwona.

— Papa, sikia mutoto yako! Iko na akili sana. Ile anasema iko kweli?

Wote wakamgeukia. Niliangalia sakafu. Neno moja tu kutoka kwake, na ningetoka mle chumbani bila uso. Na neno moja tu kutoka kwangu, kwamba haya yote ni yake, lingetosha kumrudishia heshima yake. Nililihisi kwenye ulimi. Nililimeza, na bado naona haya kuandika hivyo.

— Njo vile kabisa, akasema baba. Mutoto iko anajua.

Watu wakasogeza viti wampishe apite mbele. Akakataa kwa mkono, akakiweka kiti chake nyuma, karibu na mlango.

Mpaka leo anakaa pale pale. Mvua ikianza kwenye televisheni, watu wote wananigeukia mimi. Baba naye ananitazama kutoka nyuma, ametulia, akingoja nieleze.