Kochi la Shemeji

Shemeji yangu ni seremala. Miaka minne iliyopita aliuza cherehani ya dada yangu bila kumuuliza, dada akamfukuza chumbani. Tangu hapo analala sebuleni, kwenye kochi alilolitengeneza mwenyewe, fupi, miguu inaning'inia. Kuomba radhi aliomba mara moja. Kisha akasema atarudi chumbani siku atakayoitwa, akangoja.

Mwaka huu dada akanipigia simu: kachoka kuongea na ukuta, anahamia kwangu. Mimi nina chumba kimoja na kitanda kimoja. Nilishaanza kuyashuku masikio ya shemeji, nikamburuta hospitali ya masikio siku hiyohiyo.

Mtaalamu alimfungia kwenye kijumba kisichopitisha sauti, akatoka na mchoro wa usikivu wake. "Mzee, sauti nzito unazipata vizuri. Msumeno wa umeme umekula zile nyembamba. Watoto, ndege, wanawake wenye sauti ndogo."

Dada yangu ana sauti ndogo. Akiwa na jambo zito ndiyo hupungua zaidi.

Akapanga mezani vifaa vya kusaidia kusikia. Shemeji akaonyesha kidogo kuliko vyote, cha kuzama ndani ya sikio. "Hicho. Wateja wasijue."

"Hicho kitakuziba. Sauti nzito unazosikia sasa zitakuvumia kama uko ndani ya pipa. Kinachokufaa ni hiki cha nyuma ya sikio, chenye mrija mwembamba."

"Kitaonekana."

"Kitaonekana," akakubali mtaalamu, kisha akampa betri ya kile kidogo aibadilishe. Kwa vidole vile vya useremala, kimoja kimebaki nusu kwa msumeno, betri ilianguka mara tatu. Mara ya tatu tuliitafuta chini ya viti sote watatu. Shemeji akachukua cha nyuma ya sikio.

Tulipofika nyumbani dada alikuwa anapanga nguo kwenye begi. Hakugeuka. Aliongea na mimi, kama mumewe hayupo.

"Mdogo wangu, nilimsamehe mwaka uleule. Nilisimama mlangoni nikamwambia rudi ndani. Amelala macho wazi, kaangalia ukuta tu. Sikurudia. Na mimi nina moyo."

"Mimi sikusikia," akasema shemeji.

Dada akageuka. Akakitazama kile kifaa, akanitazama mimi, nami nilikuwa nalia, sioni haya kusema. Wamekaa miaka minne hivyo, na kutoka kochi hadi kitandani ni hatua saba.

"Rudi ndani," akasema dada, kwa sauti ileile ndogo, wala hakuipandisha.

Shemeji akaenda kuchukua mto wake.