Neno la Sikio la Baba

Baba yangu aliacha pombe nikiwa darasa la tatu, na pale Kamachumu kila mtu alijua, maana alitangaza kanisani, mbele ya watu. Kwa hiyo alipoanza kupepesuka, hakuna aliyefikiria hospitali. Watu walikuwa na jibu lao tayari.

Na hata mimi nisingewalaumu sana, kwa sababu wiki ileile alikuwa anakamua ndizi. Dada yangu alikuwa anaolewa, wakwe wanakuja Jumamosi kutoka Bukoba mjini, na kwetu sherehe bila rubisi, pombe yetu ya ndizi, ni mkutano tu. Baba aliingia mwenyewe kwenye obwato, lile hori refu la mti, akazikanyaga ndizi mbivu pamoja na nyasi mpaka juisi ikatoka na povu. Alipotoka, miguu ikinuka ndizi mpaka magotini, alipiga hatua chache, akashika mgomba, akaanguka nao. Baba mdogo alikuwa amesimama palepale.

"Kaka amerudia," akasema, na kabla jua halijazama kijiji kizima kilikuwa na habari hiyo.

Ndugu wakakaa kikao bila mimi. Wakaamua kwamba Jumamosi baba mdogo ndiye atakalia kiti cha baba wa binti, na baba abaki chumbani, wakwe waambiwe amelala. Damu ilinichemka! Mtu amsomeshe binti kwa kahawa yake, halafu siku ya kumtoa afichwe kama kuku mwenye kideri?

Asubuhi mama hakupiga goti kumsalimia baba kama kawaida yake. Alipita na ndoo yake. Baba alimtazama mpaka alipoingia jikoni, kisha akaniita.

"Mwanangu, sijaonja. Nyumba inazunguka hata nikiwa nimelala. Na sikio hili linavuma tangu yale mafua."

Nilimwamini palepale, na kesho yake nikampeleka Bukoba. Njiani alitapika, abiria wakafungua madirisha na kuguna, nami nikawajibu wote kwa macho tu.

Daktari alikuwa dada mdogo kuliko mimi. Alimwuliza kuhusu mafua, akamchungulia masikio, akamgeuza kichwa taratibu huku akiyatazama macho yake, akamnong'oneza upande huu na upande ule. Kisha akasema: "Mzee ana labirinthitisi."

Ana nini? Akatueleza. Ndani kabisa ya sikio kuna vijia vidogo vilivyopindapinda, vimejaa maji. Kichwa kikiinama, maji yale yanasogea, na ubongo unajua juu ni wapi na chini ni wapi. Mafua yalikuwa yameingia humo, pamevimba, na sikio lilikuwa linaupelekea ubongo habari za uongo. Akampa dawa, akasema kizunguzungu kitapungua kidogokidogo, asiharakishwe.

Ningeweza kumbusu yule daktari! Kitu kilichokuwa kinatuvunjia nyumba kilikuwa na jina, na jina lenyewe halikuwa pombe. Nilimwomba alitamke tena, na tena. Tukirudi, mpaka basi linafika Muhutwe nilikuwa nalitamka bila kujikwaa, na baba, macho yamefumbwa, alikuwa anacheka.

Jioni niliwakuta uani, baba mdogo, shangazi na mama aliyekuwa akimenya ndizi. Sikungoja hata kukaa.

"Baba ana labirinthitisi!"

"Maneno ya hospitali hayo," baba mdogo akasema. "Miguu yake ilinuka nini?"

"Ilinuka harusi ya mwanao! Simama, baba mdogo. Zunguka."

"Nizunguke nini?"

"Zunguka kama watoto wanavyocheza. Au unaogopa?"

Ukitaka baba mdogo afanye kitu, mwulize kama anaogopa. Alivua kofia, akazunguka, nami nikipiga makofi kumharakisha, mpaka shati likajaa upepo. Nikamwambia asimame, atembee hadi mlangoni. Maskini! Alikwenda kushoto, akakanyaga kahawa iliyoanikwa, akamkumbatia shangazi, wakaketi wote wawili juu ya mkeka.

"Umekunywa nini?" nikamwuliza.

Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Baba mdogo hakucheka. Alikaa pale ameshika kichwa, akimtazama kaka yake aliyekuwa ameegemea mlango.

"Na wewe uko hivi kutwa nzima?" akauliza.

"Hata sasa," baba akajibu.

Mama alikuwa ameacha kumenya. "Hilo neno," akaniambia, "liseme tena. Polepole."

Nikalisema polepole.

Jumamosi baba alikaa kwenye kiti chake, amevaa kanzu na koti. Ila kuna jambo ambalo mwenye nyumba hamwachii mtu mwingine: kuwapelekea wageni kahawa ya kutafuna kwa mkono wake. Baba akanyanyuka na kikapu kidogo, na katikati ya ua mguu ukamsaliti. Buni zikamwagika. Baba mdogo alimdaka kiwiko, lakini tayari mzee mmoja wa upande wa bwana harusi alikuwa amemwinamia mwenzake.

"Mwenye nyumba kaanza mapema," akanong'ona, na sote tukasikia.

Nilifungua mdomo, ila mama alinitangulia. Mama yangu, ambaye mbele ya wageni husema kwa Kihaya na kwa sauti ya chini, alisimama wima kati ya wanawake.

"Ni labirinthitisi," akasema kwa Kiswahili, bila kukosea hata silabi. "Sikio la ndani limevimba. Mume wangu hanywi pombe."

Kisha akaenda mpaka katikati, akapiga goti mbele ya baba kama alivyokuwa akifanya kila asubuhi, akamsalimia, na akaanza kuokota zile buni.