Swali Lililoingia Kwenye Albamu ya Hamza

Sina elimu ya kutunga uongo mrefu. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo ni mtu wa kubangua korosho hapa Mtama, si mtu wa hadithi. Kwa hiyo nikikwambia jambo hili lilitokea mchana, jua likiwa utosini, nami nina akili zangu zote, niamini. Na kama huniamini, albamu ipo. Sikiliza mwenyewe.

Tumezaliwa wanne, mimi ndiye mkubwa. Baba alikuwa mpuliza klarineti katika bendi moja ya dansi Lindi. Alifariki, na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Hamza, kitinda mimba wetu, alikuwa bado hajaanza kutambaa. Niliapa mambo mawili: wadogo zangu hawatalala na njaa, na klarineti ya baba haitauzwa. Niliifunga kwenye khanga ya mama, nikaisukuma uvunguni. Zilikuwapo siku kiapo cha kwanza kilitaka kukivunja cha pili, lakini Mungu mkubwa.

Hamza alipokua aliitoa uvunguni mwenyewe, na leo ni mwanamuziki Dar. Mwaka jana alikuja kwangu na vyombo vyake, anarekodi albamu.

"Ni jazi ya taratibu, Dada," alinieleza. "Jazi isiyotoka jasho."

Lakini yake ilikuwa na vituko. Mara anapuliza pumzi tupu bila sauti, mara anagonga vitufe tu, to-to-to, kama mvua inayoanza kwenye bati. Mara ananyamaza kabisa, halafu ananiambia kile kimya nacho ni sehemu ya wimbo! Jirani yangu, Bi Somoe, alichungulia uani.

"Huyo mdogo wako anapiga muziki au anapuliza jiko?"

"Shikamoo, Bi Somoe," Hamza akajibu. "Ni majaribio."

"Marahaba, baba. Basi ukifaulu utuite."

Tulicheka sana. Bi Somoe alipoondoka, Hamza akaacha kucheka. Wimbo wa mwisho ulikuwa umemshinda. Aliutunga kwa ajili ya baba, naye baba hamjui, hata sauti yake hakuwahi kuisikia akaikumbuka.

"Nampigia mtu nisiyemjua, Dada. Huu ukinishinda, klarineti nakurudishia uifunge tena."

Hebu fikiri. Niitunze miaka yote ile, halafu irudi uvunguni?

Nikamwambia twende Tingi, kwenye nyumba tuliyozaliwa, ambayo imekaa tupu tangu tuihame. Tukapanda basi, tukafika adhuhuri.

Sasa, kwetu nyumba tupu haiingiwi kimyakimya. Unasimama mlangoni, unapiga hodi mara tatu, unatoa salamu, unangoja kidogo ndipo uingie. Nyumba kukosa watu si kukosa mwenyewe. Wadogo zangu niliwafundisha mimi. Lakini Hamza alikuwa ameshawasha kinasa sauti, anataka kuunasa mlio wa mlango ule wa zamani. Akaniwekea kidole mdomoni: nisiseme neno. Nami nikamtii kwa mapenzi. Tukaingia bila hodi.

Hamza akakaa sebuleni, akapuliza mafungu mawili matatu ya wimbo, polepole, kisha akaacha kimya chake. Mimi nilikuwa nimeelekea mlango wa uani. Hapo ndipo nilipomwona.

Mwanamume amekaa kizingitini, amenipa mgongo. Suruali imenyooshwa pasi. Viatu havina chembe ya vumbi, na njia yote ile tuliyopita ni vumbi tupu. Mgongo wa baba yangu nisiujue? Aligeuza shavu tu, akaniuliza kwa upole, kama alivyokuwa akiniuliza kila anaporudi kutoka kwenye bendi:

"Mama, wadogo zako wamekula?"

Yeye ndiye aliyekuwa akiniita mama. Nilisahau kinasa sauti, nikasahau hata kuogopa. Tangu alipoondoka hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Wamekula, Baba," nikasema. "Wote wamekula."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nikapepesa macho. Kizingiti kitupu.

Nilipogeuka, Hamza alikuwa amenikodolea macho.

"Nani amepiga huko uani?"

"Amepiga nini?"

 Akakirudisha nyuma kinasa sauti, tukasikiliza. Lile swali halimo. Mahali pake pana klarineti: fungu moja fupi, la chini, linalopanda mwishoni kama mtu anayeuliza. Na klarineti ya Hamza ilikuwa imelala mapajani mwake. Kisha ikafuata sauti yangu: wamekula, Baba.

Hamza alilia. Halafu akafuta uso, akaushika ule wimbo, akaupiga mpaka mwisho bila kusita, kama mtu anayejua anampigia nani.

Tulipotoka nikarudi mlangoni peke yangu. Nikapiga hodi tatu, nikaomba radhi.

Albamu imetoka. Watu wanamuuliza Hamza ni nani yule mpulizaji wa pili. Anawajibu ni mzee mmoja wa Tingi. Amejaribu mara nyingi kulipiga lile fungu, vidole havilipati. Nami kila ikifika adhuhuri, mikono huacha korosho yenyewe, nikasikiliza.

Nawe ukifika kwenye nyumba tupu huku kwetu, piga hodi, hata kama umeambiwa unyamaze. Na kama umeachiwa watu, walishe leo. Mwenye nyumba anaweza kukuuliza, na ole wako ukikosa jibu.