Mawese ya Chini ya Meza

Juzi sokoni Mwandiga niliona mwanamke akinusa dumu la mawese, nikamkumbuka mama. Alikuwa mwalimu aliyehamishiwa Kigoma kutoka mbali. Bibi muuza mawese wa Ujiji alimwita "madamu" kwa heshima, kisha akampimia yaliyopauka, yenye harufu ya kuchacha.

Alasiri moja, nikiwa na mama, nilimsalimia bibi huyo kwa Kiha nilichojifunza kwa watoto wa jirani. Alicheka, akainama, akatoa dumu jingine chini ya meza.

"Kumbe nyie wa hapahapa," alisema. "Chukueni haya, ndiyo tunayopikia wenyewe."

Nilidhani salamu yangu ndiyo iliyoyafanya mawese kuwa mekundu. Sasa najua alikuwa ameanza kutuona kama majirani. Njiani mama aliniomba nimfundishe salamu ile, akairudia mpaka tukafika nyumbani Bangwe.