Hamsini ya Ami

Juzi mwanangu alinionyesha kwenye simu hesabu za mchezo wa besiboli, ule wa Wamarekani, uliochezwa hapa hapa London. Tarakimu safu kwa safu: nani kapiga, nani kakimbia, nani kakosa. Akaanza kunieleza kwa Kiingereza chake, nami nikawa naitikia tu, maana pua yangu ilikuwa imeshanusa bajia za utotoni.

Nilikuwa msichana mdogo, Tooting, kusini mwa London, miaka michache baada ya Mapinduzi kututoa Unguja. Jumapili za kiangazi wanaume wetu walicheza kriketi, na bibi yangu ndiye aliyeandika hesabu za mchezo. Alijifunza kwa babu, kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja kule Unguja. Alivaa sweta juu ya baibui hata jua likiwaka. Mimi nilikaa ubavuni pake kulinda bati la bajia, maana wachezaji wetu walikuwa na mikono mirefu.

Kama hujawahi kuona daftari la kriketi, usiogope, si gumu. Kila mpira unaorushwa una alama yake. Usiozaa kitu ni nukta. Mpigaji akiupiga kwa gongo akakimbia hadi upande wa pili, anaandikiwa mkimbio wake. Lakini mpira ukimgonga mguuni, kisha akakimbia, mkimbio huo ni wa timu, si wake. Refa huonyesha hivyo kwa kuinua goti na kuligusa. Hilo tu ulikumbuke.

Shida ni kwamba refa wetu alikuwa jirani wa ghorofa ya chini, na magoti yake hayakupatana na baridi ya Uingereza. Mchana kutwa alikuwa akiyasugua.

Siku ninayoisema, ami, mdogo wake baba, alikuwa akicheza mara ya mwisho. Wiki ile anahamia Kanada kikazi, na huko aliambiwa asitarajie kriketi. Maisha yake yote hakuwahi kufikisha mikimbio hamsini. "Wewe hamsini utafikisha umri tu," baba alikuwa akimtania.

Jioni ile akafika arobaini na tisa. Mpira ukaja, akakimbia, vigelegele vikapanda. Mpira uliofuata ukamtoa mchezoni. Kumbe katika daftari la bibi bado ni arobaini na tisa.

Mwandishi wa timu ya wageni, mzee wa Kiingereza mwenye kofia pana, alikuwa ameandika hamsini, na madaftari mawili lazima yakubaliane.

"Refa kashika goti," bibi alisema.

Mzee akatabasamu. "Mama, huyu anashika goti tangu mchana."

Jirani akaitwa. "Haya, bwana," baba akamuuliza, "goti lile lilikuwa la mpira au la baridi?"

Watu wakacheka. Jirani akamtazama ami, akainamisha macho. "Jamani, linauma, hata sikumbuki. Muulizeni mwenye mguu."

Kicheko kikakatika. Bibi hakumtazama mwanawe. "Muulize wewe," akamwambia yule mzee. "Mimi mama yake."

Mzee akauliza kwa upole. Ami alikuwa akifungua kamba za vilinda miguu vyake, kamba moja baada ya nyingine.

"Mguu, mama."

Mzee akafuta. Bibi akafunga daftari, akafungua bati, na kabla ya wageni, kabla ya wazee, akamchagulia ami bajia zilizokauka vizuri, kama alivyozipenda. Akala amesimama, uso kaupa uwanja. Baba, mtani wake, alimshikia kikombe cha chai.

Ami alizeekea Kanada, akazikwa huko, na gongo hakulishika tena. Bibi, baba na jirani nao wametangulia. Uwanja upo. Nikipita husimama kidogo, nikasikiliza watoto wakibishana juu ya goli. Nani alishinda siku ile, sikumbuki. Nawakumbuka watu ambao ungeweza kumuuliza mmoja wao jambo litakalomnyang'anya alichokitafuta umri wake wote, ukaandika alichojibu, kisha mkanywa chai pamoja.